Wadogo zangu mnaoingia saiti: anzeni na uamuzi, kifaa kitafuata

Fundi alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa zege uliomwagwa siku tisa zilizopita, mkononi ana mchoro uliokunjwa mara nne hadi mikunjo imeanza kutoboka. Mchoro ule ulikuwa toleo la tatu. Toleo la nne, lenye tundu la kupitishia mabomba upande wa kushoto wa ukuta, lilikuwa limeingia kwenye barua pepe yangu wiki mbili kabla ya kumwaga. Nililifungua, nikaliona, kisha nikaitwa kikaoni. Tulikata ukuta ule kwa msumeno wa almasi kwa siku tatu, tukakata na nondo tulizozifunga wenyewe. Mhandisi wa miundo akarudi kwenye hesabu za kuimarisha kingo za tundu, na mafundi bomba wakakaa chini wakisubiri. Hakuna aliyekuwa mvivu hapo. Kila mmoja alikuwa amefanya kazi yake vizuri kwa taarifa aliyokuwa nayo.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii mkiwa na hamu ya vitambuzi (vifaa vidogo vya kupima joto, mkazo au mwendo), droni na modeli za kompyuta. Hamu hiyo msiiache ipoe, maana tunaihitaji. Ila miaka yangu saitini imenionyesha kwamba tija inaongezeka pale taarifa inapomfikia mwenye kuamua kabla hajaamua. Ikimfikia baadaye inakuwa kumbukumbu ya hasara, hata kama imekusanywa na kifaa kizuri kuliko vyote.

Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya McKinsey Global Institute ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba kwa takriban miaka 20 tija ya kazi katika ujenzi duniani ilikua kwa wastani wa asilimia 1 tu kwa mwaka. Uchumi wa dunia kwa ujumla ulikuwa kwenye asilimia 2.8, viwanda asilimia 3.6. Watu wakisikia hivyo huwatupia lawama mafundi. Mimi nakuomba ushike daftari usimame mahali pamoja saitini kutwa nzima, uandike kila robo saa fundi mmoja anafanya nini. Utaandika: anasubiri kreni. Anasubiri mkaguzi. Anamtafuta mwenye mchoro sahihi. Anahamisha mbao zilizoshushwa mahali pasipo pake. Anabomoa cha jana. Saa za kujenga hasa zitakushangaza kwa uchache wake, na karibu kila saa iliyopotea utaikuta na taarifa iliyochelewa, iliyopotea au iliyopishana na nyingine.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni majina. Najua haivutii. Lakini nguzo moja nimewahi kuikuta ina majina matatu: C14 kwenye mchoro wa miundo, namba nyingine kabisa kwenye jedwali la mkadiriaji majenzi, na kwa foremani ni "ile ya pembeni ya ngazi". Binadamu watatu wakikaa pamoja wataelewana. Kompyuta haitaelewa. Ukijaribu kuunganisha ratiba, gharama na modeli katika hali hiyo, utapata picha nzuri ya uongo. Kaeni mkubaliane jina la kila kipande, kila chumba na kila toleo la mchoro kabla ya kununua programu yoyote, na jina hilo lifuate kipande hadi kwenye msimbo wa QR uliobandikwa juu yake kiwandani.

Hapa kiwango cha kimataifa cha kusimamia taarifa za ujenzi, ISO 19650, ambacho sehemu zake mbili za kwanza zilitoka mwaka 2018, kitakusaidia sana. Kinataka mradi uwe na mahali pamoja pa kuhifadhia taarifa, na kila faili lijulikane liko katika hali gani: bado linatengenezwa, limeshirikishwa kwa wenzako ili walipitie, limeidhinishwa kutumika, au limewekwa kumbukumbu. Ukisoma mara ya kwanza utaona kama urasimu. Mimi nikisoma naona ule ukuta. Toleo la tatu lingekuwa limehamia kumbukumbu, na fundi angepiga picha msimbo ulio kwenye kona ya karatasi yake akaambiwa papo hapo kwamba mchoro huu hautumiki tena. Ulizeni pia mapema kama programu za washirika wenu zinatoa faili za IFC. Ni muundo wa wazi ambao modeli ya mmoja inaweza kusomwa na programu ya mwingine, na bila huo mtaishia kuchora upya kazi ya wenzenu.

Sasa nije kwenye kitambuzi, maana najua ndicho mnachokisubiri. Nichukue cha joto la zege, kwa sababu ndicho kilichonifundisha zaidi.

Zege halikomai kwa kalenda. Saruji ikikutana na maji, mmenyuko huanza na joto hutoka, na kasi ya kukomaa hufuata joto lililomo ndani ya zege lenyewe. Hesabu yake ya kawaida ni rahisi: unazidisha nyuzi za joto zilizo juu ya kiwango cha msingi, yaani joto ambalo chini yake zege huhesabiwa kuwa halikomai, kwa saa zilizopita. Tuseme kiwango cha msingi ni sifuri. Zege lililokaa kwa wastani wa nyuzi 30 kwa saa 24 limefikisha 720. Lililokaa kwa wastani wa nyuzi 20 litafikisha 720 hiyohiyo baada ya saa 36. Ukishapima maabara uhusiano wa namba hii na nguvu ya mchanganyiko wenu, waya mwembamba uliofungwa kwenye nondo kabla ya kumwaga utakuambia slabu, yaani sakafu ya zege, imefikia wapi, bila kukisia. Ule mchemraba wa sampuli ulioko ndani ya maji ya maabara haujui baridi iliyoipiga slabu usiku wa kuamkia leo. Waya unajua.

Mambo mawili msiyasahau. Uhusiano ule ni wa mchanganyiko ule tu: ikibadilika saruji, au kiasi cha maji, mnarudi maabara. Na waya usiufunge katikati ya slabu nene peke yake, ambako joto hukusanyika. Funga mwingine ukingoni, upande upigwao na upepo, kwa sababu fomu, yaani kalibu zinazoshikilia zege hadi likomae, zitafunguliwa kwa idhini ya sehemu iliyochelewa zaidi.

Mara ya kwanza tulipotumia vitambuzi hivi kwenye jengo la ghorofa, tulitarajia kufungua fomu mapema na kuzipeleka ghorofa inayofuata, huku miimo ya kuegemeza ikibaki mahali pake. Vitambuzi vilifanya kazi vizuri kabisa. Slabu ilifikia nguvu iliyotakiwa siku ya nne, nasi tukafungua siku ya saba kama zamani. Kwa nini? Namba zilikuwa zinaingia kwenye simu ya fundi wa maabara, naye alikuwa anazileta kwenye kikao cha kila wiki. Kwenye ghorofa iliyofuata tukabadilisha kitu kimoja tu: ujumbe ulikwenda kwa foremani na kwa mhandisi kwa wakati mmoja, na mhandisi akaidhinisha kwa maandishi kabla mtu hajagusa skrubu. Siku tatu zikapatikana hapo, na hatukuwa tumeongeza kifaa chochote.

Upande wa hatari, kuchelewa kwa uamuzi ni jambo zito zaidi. Tarehe 20 Aprili 2004 huko Singapore, shimo lenye kina cha mita 30 hivi la njia ya treni za chini ya ardhi liliporomoka kando ya barabara ya Nicoll Highway. Watu 4 walikufa. Vipimo vilikuwepo. Vifaa vilionyesha ukuta wa shimo unainama kupita viwango vya usanifu, na hatua iliyochukuliwa ikawa kupiga hesabu upya na kupandisha viwango hivyo, wakati kosa la msingi, yaani maungio dhaifu ya miimo ya chuma iliyoshikilia kuta, lilibaki palepale. Kila mhandisi kijana asome habari za tukio hili. Unapoweka kiwango cha tahadhari, andika siku hiyohiyo: kikifikiwa, nani anasimamisha kazi, ndani ya muda gani, na nani mwingine wa nje ya mkataba lazima aridhike kabla kiwango hakijabadilishwa. Grafu isiyo na jina la mtu pembeni yake haimlindi aliye shimoni.

Kwenye udongo sitakaa sana, kwa sababu hapo faida inaonekana yenyewe. Greda na eskaveta zinazosoma modeli na kujua mahali zilipo kwa setilaiti hukata usawa kwa tofauti ya sentimita chache bila kusubiri vigingi vya mpima. Mtambo wa kushindilia wenye kitambuzi kwenye roli lake huchora ramani ya mahali ulipopita na mara ngapi. Droni hupima kiasi cha kifusi kwa dakika chache. Shida moja tu huwaangusha wageni: mitambo miwili ikitumia mifumo miwili tofauti ya kutaja mahali kwa namba (koordineti), yote itakuwa sahihi na barabara haitakutana. Hakikisheni kila kifaa kinaanzia alama zilezile za mpima, na saa za vifaa vyote zilingane.

Jambo ninalolijali kuliko yote ni mafundi wenyewe. Nimeona saiti ambako kofia ziliwekewa vifaa vya kufuatilia mwendo bila mtu kuambiwa ni vya nini. Baada ya siku chache kofia zilikuwa zinatundikwa kwenye nondo mahali panapotakiwa kuonekana mtu, na data ikaonyesha kikosi chenye bidii isiyo na mfano. Siwalaumu. Walidhani wamewekewa askari, na hakuna aliyewaambia vingine. Waelezeni mapema mnapima nini na kwa nini, kisha wa kwanza kunufaika wawe wao: data ikionyesha kikosi kimesubiri kreni saa mbili, kesho yake kreni iwahi. Siku moja ya namna hiyo itawaletea taarifa za kweli kuliko mkutano wowote. Ndivyo ilivyo pia kwa hesabu ya kazi ngapi kikosi kiliahidi kumaliza kwa wiki na ngapi kikazimaliza. Itumieni kuuliza kitu gani kilizuia. Ikigeuzwa fimbo, watu wataahidi kidogo ili watimize.

Mwisho wa mradi nao mnauharakisha mno. Daraja la I-35W la Minneapolis, Marekani, lilianguka tarehe 1 Agosti 2007 na kuua watu 13. Lililolibadili lilifunguliwa Septemba 2008 likiwa na vitambuzi zaidi ya 300 vya mkazo, mtetemo, joto na kutu. Vingi vya aina hiyo huwezi kuviweka ndani ya zege baada ya kumwaga, kwa hiyo uamuzi wa jinsi jengo litakavyotunzwa miaka 50 ijayo unafanyika mikononi mwenu, siku mnayofunga nondo. Mwulizeni mmiliki mapema atataka kujua nini. Mkabidhini modeli inayofanana na kilichojengwa, ikiwa na yale majina mliyokubaliana mwanzoni, ili mkandarasi atakayekuja kukarabati asianze kwa kutoboa kuta akitafuta mabomba.

Mwezi wako wa kwanza usipendekeze mfumo. Chagua uamuzi mmoja unaorudiwa kila wiki, kama ruhusa ya kumwaga zege. Uandike unapita kwa nani, unakaa wapi, na unalala siku ngapi kwenye kila meza. Kisha mpelekee foremani karatasi hiyo, umwulize ni wapi umekosea.