Sinema Mlizotazama: Majibu kwa Barua Zenu

Mwezi huu nimepokea barua nyingi kutoka kwa wasomaji waliotazama filamu majumbani, shuleni na kwa majirani, na nimechagua zile ambazo waandishi wake hawakuishia kusema kwamba filamu ni nzuri au ni mbaya, bali wametaja mahali hasa palipowagusa au palipowakera. Maoni ya namna hiyo yanajibika, kwa sababu mimi na mwandishi tunaweza kurudi pale pale na kutazama tena.

Ndugu Mhariri, ninafundisha Kiswahili kidato cha sita mkoani Tanga. Tulipomaliza kusoma riwaya ya Vuta N'kuvute, niliwaonyesha wanafunzi wangu filamu iliyotokana nayo. Walinung'unika tangu mwanzo hadi mwisho kwamba mambo mengi ya kitabuni hayamo, na kwamba inakwenda polepole mno. Mimi niliipenda, lakini nilishindwa kuwaeleza ni kwa nini. Je, filamu hiyo imekitendea haki kitabu?

Mwalimu, hongera kwanza kwa kuwaonyesha, maana walimu wengi huishia kwenye maswali ya mtihani. Nadhani wanafunzi wako walikaa mbele ya filamu kama watahiniwa. Walikuwa na orodha kichwani ya wahusika, dhamira na migogoro, na kila walipokosa kitu katika orodha hiyo waliona wameibiwa. Riwaya ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, ina nafasi ya kumfuata Yasmini hatua kwa hatua: anaozwa angali binti mdogo kwa mzee Raza, anapelekwa Mombasa, anatoroka na kurudi Unguja, anakataliwa na jamaa zake mwenyewe, na hatimaye anapokewa na Mwajuma katika mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja. Mwongozaji Amil Shivji alikuwa na muda wa saa moja na nusu hivi. Alichokifanya ni kuchagua, na alichagua mapenzi ya Yasmini na Denge, kijana anayepinga ukoloni, katika miaka ya 1950, wakati utawala wa Waingereza ulipokuwa ukielekea ukingoni, akayaacha mengine yasikike kwa mbali.

Sasa waulize wanafunzi wako walipata nini ambacho kitabu hakiwezi kuwapa. Wimbo ndani ya kitabu ni maneno yaliyopangwa kwenye ukurasa, lakini ndani ya filamu ni koo la mtu. Mwajuma ameigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarabu katika maisha yake ya kila siku, na ndiyo maana anapoimba humwoni mtu anayejitahidi kuonekana mwimbaji. Mimi kila ninapofika mahali anapoimba huacha kufuatilia kisa kwa muda, nikamsikiliza yeye tu, na sioni kwamba nimepoteza kitu. Mwendo wa polepole unaowakera wanafunzi wako ndio unaotupa nafasi ya kuona jasho la shingoni, mwanga hafifu ukutani, na jinsi watu wawili wanavyoweza kukaa pamoja bila kuwa na la kusema.

Kuna mahali ninapowaunga mkono vijana hao, nami nasema hivyo kwa masikitiko, kwa sababu ninaipenda filamu hii. Harakati za Denge zimepungua uzito. Kitabuni tunamwona akibishana, akipanga, akiwindwa na makachero na akilipa gharama ya imani yake, ilhali katika filamu mtu ambaye hajasoma riwaya anaweza kumaliza kutazama akijua kwamba Denge anawachukia wakoloni, lakini asijue vizuri ni Unguja ya namna gani anayoitamani baada yao. Hilo ni pengo, na mwanafunzi aliyeliona amesoma kitabu chake vizuri.

Nakushauri uwape zoezi hili. Wasome tena pale Yasmini anapobisha hodi kwa Mwajuma, kisha kila mmoja aandike ni vitu gani kamera ingevionyesha, bila kuandika neno hata moja kuhusu anachokiwaza Yasmini moyoni. Wataona kazi ilivyo ngumu. Wakishamaliza, itazameni tena filamu. Unaweza kuwaambia pia kwamba ilichaguliwa kuonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, na kwamba mwaka uliofuata Tanzania iliipeleka kuwania tuzo ya Oscar, jambo ambalo nchi yetu haikuwa imelifanya tangu ilipopeleka filamu ya Maangamizi mwaka 2001. Hata hivyo, wasibadilishe maoni yao kwa ajili ya sifa hizo. Anayechoka kutazama aseme amechokea wapi.

Ndugu Mhariri, jirani yangu hapa Mwanza aliniazima filamu ya Nairobi Half Life. Kisa kilinivutia, lakini nusu ya maneno sikuyaelewa. Kwa nini wenzetu wa Kenya hawatumii Kiswahili sanifu katika filamu zao, ili sote tuelewe?

Ndugu yangu, hebu fikiria konda wa daladala ya kwenda Igoma akiwaita abiria kwa Kiswahili cha taarifa ya habari. Ungemwamini? Mwas, kijana wa filamu hii, anatoka kijijini, ambako anauza filamu za kunakiliwa kwa kuwaigizia wateja vipande vyake, na anakwenda Nairobi kutafuta nafasi ya kuwa mwigizaji. Siku ile ile ya kufika anaporwa kila kitu na kuishia mahabusu, ambako anapewa kazi ya kusafisha choo kichafu kupindukia. Kuanzia hapo analazimika kujifunza mji, na mji ule unafundishwa kwa Sheng, lugha ya mtaani ya vijana wa Nairobi inayochanganya Kiswahili, Kiingereza na lugha nyingine. Tunamsikia akibadilika ulimi kabla hatujamwona akibadilika tabia. Mwongozaji Tosh Gitonga angempa Kiswahili sanifu tangu mwanzo hadi mwisho, tungeipoteza safari hiyo yote.

Joseph Wairimu, aliyemwigiza Mwas, alipewa tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban mwaka 2012. Mtazame pale anapojaribiwa jukwaani: mikono na macho yake yanasema mengi kwa mtu asiyejua Sheng hata neno moja.

Malalamiko yako, hata hivyo, yana haki katika jambo moja, nami nalisema kwa msisitizo. Filamu zetu nyingi, za Kenya na za Tanzania, hutoka zikiwa na tafsiri ya Kiingereza chini ya picha, na mtu wa Mwanza anayetaka kuelewa maneno ya kijana wa Nairobi hulazimika kupitia lugha ya tatu. Maandishi ya Kiswahili sanifu chini ya maneno ya Sheng yangewasaidia mamilioni ya watazamaji walio jirani kabisa.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni kijana wa Mombasa. Napenda sana filamu za mapigano zilizosimuliwa na DJ Afro. Wenzangu wa chuoni wananicheka, wanasema hiyo si kutazama filamu bali ni kuiharibu. Una maoni gani?

Marahaba, kijana wangu. Wasikutoe katika raha yako. Kabla hatujawa na sinema tulikuwa na mtambaji wa hadithi, ambaye alianza kwa "paukwa" na kuitikiwa "pakawa", na ambaye hakuna aliyemlaumu kwa kuongeza chumvi alipoona wasikilizaji wanasinzia. DJ Afro kwenu Kenya, na Lufufu kwetu Tanzania, wameirithi kazi hiyo. Hawatafsiri neno kwa neno. Wanampa adui jina la mtaani, wanamwonya steringi, yaani shujaa wa filamu, kana kwamba atasikia, na wanaileta Hong Kong hadi barazani kwa jirani.

Filamu ya kwanza niliyoitazama maishani ilikuwa ndani ya kibanda umiza, yaani banda la mtaani la kuonyeshea video, tukiwa tumebanana juu ya ubao uliolazwa juu ya matofali, na mfasiri ameketi karibu na televisheni akiwa na kipaza sauti. Ilikuwa filamu ya kung fu. Palikuwa na mahali ambapo mzee mmoja anapiga magoti mbele ya mlango uliofungwa, na mfasiri wetu akasema kwamba mzee huyo amefungiwa nje na mkewe kwa sababu ya ulevi. Kibanda kizima kilicheka, nami nikacheka hadi machozi. Miaka mingi baadaye niliiona filamu ile ile ikiwa na sauti yake yenyewe. Mlango ule ulikuwa wa nyumba ya mwanawe aliyeuawa. Hapakuwa na muziki wala neno, ila upepo tu, na goti la mzee likigusa jiwe.

Sikumchukia mfasiri wetu, maana ndiye aliyenifanya niipende sinema. Lakini tangu siku hiyo najua kwamba sauti yake ilikuwa imefunika kitu. Kwa hiyo endelea kumsikiliza DJ wako, na ile filamu utakayoipenda kuliko zote itafute pia bila yeye, uitazame usiku nyumba ikiwa imetulia. Kisha waeleze wenzako umeona nini katika kila moja. Wao wameiona moja tu.

Mhariri, mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Nilimwonyesha binti yangu wa miaka 9 filamu ya Supa Modo nikidhani ni ya kuchekesha watoto. Tulilia sote wawili. Usiku aliniuliza, "Mama, na mimi nitakufa?" Nikakosa jibu. Mume wangu anasema nilikosea kumwonyesha. Je, nilikosea?

Mama, pole kwa usiku huo. Kwa maoni yangu hukukosea, ingawa ilikupasa uitazame mwenyewe kwanza, ili swali lile lisikukute hujajiandaa. Wanaokuja kuisoma safu hii wajue basi kisa chenyewe: Jo ni msichana wa umri wa binti yako, anaugua ugonjwa usiopona, na mama yake anamtoa hospitalini ili amalizie siku zake nyumbani. Jo anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Dada yake, Mwix, anaamua kumwaminisha kwamba naye anazo nguvu hizo, na kijiji kizima kinakubali kuingia katika siri hiyo. Likarion Wainaina aliiongoza mwaka 2018, na mwaka huo huo ilionyeshwa katika tamasha la Berlin, katika sehemu ya filamu za watoto. Kwa hiyo wako watu wenye kuipima kazi ya sinema ambao waliamini kwamba mtoto anaweza kuibeba hadithi hii, ikiwa ana mtu mzima pembeni yake.

Watazamaji wengi walioniandikia wanautaja mchezo wa mpira, pale wachezaji wote wanapoganda kama sanamu ili Jo apate kufunga bao. Mimi huwa naangalia kwingine. Mama yake Jo ni mkunga. Kazi yake ni kupokea watoto wa wenzake wanaoingia duniani, halafu anarudi nyumbani kumwangalia wa kwake anayeondoka. Filamu haitupigii kelele kuhusu jambo hilo. Inatuachia uso wa Marrianne Nungo, aliyemwigiza mama huyo, uso ambao umejaa hasira isiyo na wa kuielekezea, na anapogombana na Mwix kuhusu ule uwongo wa nguvu za ajabu, hakuna kati yao aliye mkosaji. Mmoja anataka mtoto alindwe, mwingine anataka mtoto aishi. Sijaona filamu nyingi za kwetu zilizoutendea haki ugomvi wa ndani ya nyumba kwa kiasi hicho. Lawama yangu ni moja: karibu na mwisho muziki unatusukuma tulie, wakati tungelia wenyewe bila kusukumwa.

Kuhusu jibu ulilolikosa, mwambie ukweli kwa maneno machache. Mwambie kwamba kila mtu atakufa siku moja, kwamba yeye ni mzima, na kwamba wewe uko naye. Kisha mwulize yeye angetaka kuwa na nguvu gani. Jo hakuuliza sana kuhusu kifo. Aliuliza kuhusu kuruka. Na mume wako aitazame nanyi safari ya pili, kwa kuwa ni saa moja na robo tu, kabla hamjaendelea kubishana.

Ndugu Mhariri, tunaishi Muscat. Mama yangu aliondoka Unguja akiwa msichana. Tulipomwonyesha Vuta N'kuvute, hakufuata kisa kabisa. Alikuwa akitusimamisha kila mara kutaja mitaa, milango na mishono ya nguo, na kusema, "Hapa sipo," au, "Hapa ndipo." Ndugu zangu walikasirika. Je, huko nako ni kutazama filamu?

Dada yangu, ni kutazama kweli, na msimkatishe tena. Filamu hiyo ilipigwa Unguja kwenyewe, kwa hiyo baadhi ya kuta alizoziona huenda aliwahi kuziegemea. Itazameni tena wewe na yeye peke yenu, simu yako ikiwa imewashwa kurekodi sauti, na kila atakaposema "hapa sipo" isimamishe picha na umwulize palikuwaje. Ukimaliza, tuandikie ututajie mlango wa kwanza alioutambua na nani alikuwa akiishi nyuma yake.