Nyumba haikosi wageni na baiskeli hatujaacha: jibu letu kutoka Moshi

Mdogo wangu uliyeuliza, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema huu ni mwaka wa pili tangu muoane, mnakaa Moshi mjini, wewe na mumeo mnapenda baiskeli, lakini kila Jumamosi mkitaka kutoka kuna mtu amelala sebuleni. Leo shemeji, kesho mama mdogo amekuja kliniki KCMC, keshokutwa binamu anatafuta kazi. Sasa mumeo ameanza kusema mpunguze wageni, na wewe unataka kujua wenzako tunafanyaje.

Msipunguze wageni. Naanza na hilo kwa sababu na sisi tulifika hapo hapo mlipo, na nashukuru hatukulitamka mbele ya ndugu. Mimi na mume wangu tuna miaka tisa hapa Pasua, vyumba viwili na sebule, na nyumba haijawahi kukaa mwezi mzima bila godoro la chini. Kuendesha tunaendesha kila wiki. Ila tulikosea sana kabla ya kupata njia, kwa hiyo nivumilie, nitaeleza kwa kirefu.

Mimi ni mtoto wa Shinyanga. Kwetu baiskeli si mazoezi. Ndiyo inayopeleka mahindi mashineni, ndiyo inayobeba madumu ya maji, na mjini ukishuka kwenye basi unapanda baiskeli ya abiria, unakaa kwenye karia iliyowekwa mto unapelekwa unakokwenda. Nilijifunza nikiwa darasa la tatu kwenye baiskeli ya baba, mguu mmoja nimeupitisha katikati ya fremu kwa sababu siti ilikuwa imenizidi kimo. Mama yangu alikuwa anaendesha, shangazi zangu wanaendesha, hakuna aliyegeuka kuwatazama.

Nikaolewa Kibosho, nikakuta mambo mengine. Kule juu barabara inapanda tu, watu wanatembea kwa miguu au wanapanda bodaboda. Baiskeli utaziona huku tambarare, Mabogini, Chekereni, upande wa mashamba ya miwa ya TPC, zimebebeshwa majani ya ng'ombe mpaka mwendeshaji haonekani. Mama mkwe wangu hakuwa na mazoea ya kumwona mke wa mwanawe juu ya baiskeli. Hakunikataza hata siku moja. Alikuja kututembelea mara ya kwanza, akaiona imeegemea ukuta, akauliza, "Hii ni ya nani?" Nikajibu, "Ya mwanao, mama." Alipoenda kuoga nikaipeleka stoo nikaifunika na turubai.

Mwaka mzima ukaenda hivyo. Mama akija, baiskeli zote mbili zinaingia stoo, na mama akija haji kwa siku mbili. Wiki zikapita hatujapanda. Hapo ndipo nilianza kuhesabu siku za wageni, jambo ambalo sikulelewa nalo. Mume wangu akawa anajibu watu kwa mkato, na mimi nikawa napika nimenuna. Wageni hawakuwa wametunyima chochote, maana hakuna hata mmoja aliyejua kwamba tunapenda baiskeli. Tulikuwa tumewaficha, halafu tukawakasirikia kwa kutojua.

Tukajaribu njia ya pili, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi: kutoroka. Tunaamka saa kumi na moja alfajiri, tunasukuma baiskeli polepole mpaka barabarani ndipo tunapanda, tunarudi saa mbili na nusu kabla watu hawajachangamka. Tulifanya hivyo mara nne au tano. Siku moja alikuwa amelala kwetu baba mkubwa, kaka yake baba mkwe, mzee wa kuamka saa kumi na mbili kamili. Akaamka. Akaita, kimya. Akatoka uani, akaona mlango wa nje umerudishiwa tu, jiko la baridi. Sisi wakati huo tuko barabara ya TPC, tairi imepata pancha, tunatafuta fundi. Tuliporudi saa nne mzee alikuwa ameshaondoka na begi lake. Alikwenda kulala kwa mpwa wake Majengo, na kufikia jioni ukoo mzima Kibosho ulikuwa na habari kwamba nyumba yetu imemwacha mzee na njaa.

Mume wangu alijua simu haitoshi. Jumapili baada ya misa alipanda Kibosho, akachuma jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, cha baba yake, akalifunga fundo, akaenda nalo mpaka kwa mzee. Kwa wasiojua, isale ndio ule mmea wa majani marefu ambao Wachaga wanaupanda kuweka mipaka ya vihamba, na mtu akikuletea jani lake anakuomba msamaha. Aliyelelewa katika mila hiyo hawezi kulirudisha. Baba mkubwa alilipokea. Kisha akasema neno ambalo mume wangu alinirudishia kama lilivyo: "Chai si kitu. Kilichonikera ni kuamka nyumbani kwa mwanangu nisijue watoto wamekwenda wapi."

Nililia nilipoambiwa. Sisi tulidhani mzee ametununia kwa sababu ya kifungua kinywa.

Tangu hapo kwetu kuna utaratibu mmoja, na kama utachukua kitu kimoja tu kwenye jibu hili, chukua huu. Usiku wa kuamkia siku ya kutoka, watu wakiwa bado wamekaa baada ya kula, mume wangu anasema wazi: kesho saa kumi na mbili na nusu mimi na mama watoto tunatoka na baiskeli, tunapita Mabogini mpaka TPC, saa tatu na nusu tumerudi. Chai itakuwa kwenye chupa, chapati kwenye hotpoti, funguo ziko juu ya kabati. Halafu anauliza, "Nani ana maagizo?"

Hilo swali la mwisho lilianza kama adabu tu, lakini ndilo lililogeuza nyumba. Mmoja anataka mchele wa Mabogini, maana wanaojua mchele wanajua ule wa mashamba ya Lower Moshi, yale ya umwagiliaji yaliyojengwa kwa ushirikiano na Japani miaka ya 1980. Mwingine anataka mchicha. Shemeji anataka tumpitishie ujumbe kwa rafiki yake Chekereni ambaye simu yake imeharibika. Tunarudi na karia zimejaa, mgeni anapokea mzigo wake kwa mikono miwili na anauliza njia ilikuwaje. Mlima umefunguka leo? Mpunga umeshapandikizwa? Sasa safari ni ya nyumba nzima.

Mama mkwe ilichukua muda zaidi, na nisingependa nikudanganye kwamba alibadilika siku moja. Baada ya mambo ya baba mkubwa niliamua sifichi tena. Nikamwambia ukweli, kwamba ile baiskeli ni yangu, nimekua nayo, na nikikaa wiki mbili bila kuipanda nakuwa mtu mwingine. Alinyamaza. Mwezi wa nane mwaka huo tulipanda kwake kwa baiskeli wote wawili kwa mara ya kwanza. Kwa anayetoka Pasua, Kibosho ni kupanda mwanzo mwisho. Tulitumia kama saa mbili, sehemu nyingine tunasukuma, na mimi mtoto wa tambarare nilifika miguu inatetemeka. Mama alinipa maji, akaninyooshea kigoda, akanitazama muda mrefu. Kisha akaanza kunisimulia alivyokuwa akishuka soko la Kiboriloni akiwa msichana, mkungu wa ndizi kichwani, wanaondoka usiku ili wafike kunakucha, wanarudi kwa miguu mlima wote na chumvi na mafuta ya taa. Hakuwahi kunisimulia hayo katika miaka mitatu ya ndoa.

Tulipokuwa tunaondoka alikata mkungu wa mchare. Mume wangu akaanza kuufunga kwenye karia kwa kamba ya katani. Mama akamwondoa. Akaingia ndani akatoka na vipande vya mpira wa tyubu, akaufunga mwenyewe, akauvuta na kuukaza kwa goti, akautikisa, akaona haujakaa sawa, akaufungua na kuanza upya. Siku hizi yeye ndiye anapiga simu: "Jumamosi mnapanda? Kuna ndizi na parachichi, msije na karia tupu." Na ndugu wa Dar wakifika kwangu, mtori wanaokunywa ni wa mchare aliyoifunga yeye.

Kuhusu Desemba. Unajua Moshi ya Desemba, sina haja ya kukueleza. Mabasi yanajaa, na tangu treni ya abiria ya Dar irudi Desemba 2019 wengine wanashuka stesheni na mabegi na watoto. Mwaka jana tulilaza watu kumi na mmoja. Mwezi huo usijidanganye kwamba mtaendesha mbali, hamtaendesha. Sisi tunafanya safari fupi za kazi: maziwa, unga, kuni za kuchemshia supu. Raha ya Desemba ni watoto. Wifi zangu wanakuja na watoto wa Dar ambao hawajawahi kupanda baiskeli bila matairi ya pembeni, kwa sababu kwao hakuna pa kuendeshea. Tuna baiskeli ndogo ya mtumba tuliyoinunua kwa ajili yao tu. Asubuhi mume wangu anawapeleka uwanja wa shule ya jirani, anashika siti kwa nyuma, anakimbia nao. Watu wazima wanapata saa mbili za utulivu, mimi na mawifi tunamenya ndizi na kuongea bila kukatizwa. Mwaka jana mtoto wa miaka saba aliachiwa tarehe 23 na tarehe 24 alizunguka uwanja mzima peke yake, mama yake amesimama na sufuria mkononi amesahau alikuwa anakwenda wapi. Siku ya Krismasi yenyewe tunapanda wote Kibosho kwa gari, mbuzi na mbege viko huko, baiskeli zinapumzika.

Mumeo akisema gharama, hapo ana haki, zungumzeni. Sisi tuliweka wazi kwa ndugu zake na zangu kwamba mwezi wa kumi na mbili kila familia inakuja na kitu. Hakuna aliyekataa. Anayetoka Kibosho analeta ndizi, wa Dar wanaleta sukari na mafuta, kaka yangu wa Shinyanga anatuma mchele kwa basi.

Sasa jambo la usalama, maana umesema mnataka kuanza kupanda Uru na Kibosho. Kupanda kunachosha tu, hatari iko kwenye kushuka, hasa ukiwa na mzigo. Mume wangu alikatikiwa na waya wa breki ya nyuma kwenye kona akiwa na mkungu. Fundi mmoja alikuwa ameunga waya wa zamani badala ya kuweka mpya, na sisi hatukuangalia. Aliielekeza baiskeli kwenye ua wa kahawa, akapona na jeraha la kiwiko. Tangu siku hiyo kabla ya kushuka tunakagua mambo haya kila safari: waya pale unapoingia kwenye mkono wa breki, ndipo nyuzi zinapoanza kukatika moja moja, raba za breki kama hazijaisha, na mzigo kama uko chini, usizidi kimo cha siti, kwa sababu ukiwa juu unakuvuta kwenye kona. Msibane breki moja kwa moja njia nzima. Baneni, achieni, baneni tena, na katikati ya mteremko simameni mguse rimu, ikiwa inaunguza pumzikeni. Aprili na Mei sisi hatupandi kabisa. Ule udongo mwekundu ukilowa ni sabuni, na rimu ikiwa na maji breki inachelewa kushika. Miezi hiyo kaeni barabara za lami za tambarare.

Umeuliza pia wewe ununue baiskeli gani. Mumeo anataka uchukue ya gia yenye tairi nyembamba kama yake. Kwa nyumba yenye wageni mimi ningekushauri mtumba wa Japani, zile za fremu iliyoshuka katikati, unapanda hata ukiwa umevaa kitenge, ina karia na taa, na baadhi zina gia za ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ambazo hazisumbui. Kabla hujalipa izungushe tairi ikiwa hewani uangalie kama rimu inayumba, shika pedali uitikise pembeni usikie kama beringi zimelegea, halafu badilisha tairi zote mbili na waya za breki hata kama muuzaji anasema ni nzima, kwa sababu mpira uliokaa miaka kwenye kontena unapasuka ukishapata jua. Na karia ifungwe nondo mbili za ziada chini. Ile inayokuja nayo imetengenezwa kubeba mfuko wa sokoni, haikutengenezwa kwa mkungu wa mama mkwe.