Maswali ya Wasomaji: Kikundi cha Kiesperanto kinapopukutika

SWALI: Tulianza kujifunza Kiesperanto tukiwa 14, wengi wanachuo. Tunakutana Jumamosi kuanzia saa tatu hadi saa sita mchana, na mwalimu ni mimi peke yangu. Mwezi wa pili tangu tuanze, tumebaki wanne. Lugha ni ngumu, au nafundisha vibaya? – Msomaji, Dodoma Makulu

JIBU: Lugha usiilaumu. Kiesperanto, lugha ya kubuni aliyoitoa Zamenhof huko Warsaw mwaka 1887, kina irabu tano zetu zilezile, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Hata kunyambua si kugeni: kwetu pika huzaa mpishi, kule kuiri huzaa kuiristo (mpishi) na kuirejo (jikoni).

Wanapokwama wanafunzi wetu ni kwingine. Konsonanti zikifuatana wanachomeka irabu, knabo (mvulana) anakuwa “kinabo”. Anayechanganya r na l atataka sufu, lano, aletewe chura, rano. Herufi j husomwa kama y. J yetu wao huiandika ĝ. Kisha ile -n ya yambwa (anayetendewa): “hundo mordas katon” na “katon mordas hundo” zote maana yake mbwa anamng'ata paka. Sisi tumezoea mpangilio wa maneno utuambie nani kamng'ata nani, kwa hiyo -n hudondoka. Usimkatize anayezungumza kwa sababu ya -n. Andika pembeni, mrudie mwishoni.

Kosa kubwa ni ratiba. Kipindi cha saa tatu mara moja kwa wiki kinachosha, na ukikikosa kimoja wiki mbili zimepita. Fanyeni jioni mbili, kila moja dakika 75: 10 za matamshi, 20 za sarufi mpya, 30 za mazungumzo ya wawili wawili, 15 za mchezo. Maneno mapya 15 yanatosha, kwani mal- inageuza maana: bona ni nzuri, malbona ni mbaya.

Katika zile dakika 30 Kiswahili kinyamaze. Waesperanto wana kitenzi chake, krokodili: kusema lugha ya nyumbani mkiwa Waesperanto peke yenu. (Mamba hana kosa, lakini neno limeshashika.)

Kuanzia somo la tano, kila mmoja aongoze sehemu kwa zamu. Mwalimu akiugua na ufunguo wa chumba ukabaki kwake, kikundi kimelala. Wageni wapokeeni kila baada ya wiki sita, kila mmoja na mwenyeji wake. Mkirudia somo la kwanza kwa ajili ya kila anayeingia, wa zamani wataondoka. Wiki za mitihani msifundishe jipya, ongeeni tu. Na watu wa kuongea nao mtawapata: kongamano la dunia la Agosti 2024 lilifanyika Arusha, la kwanza barani Afrika.

SWALI: Nimebuni lugha yangu. Wanaojifunza kila wiki wanataka nibadilishe kanuni. Niwasikilize? – Msomaji, Nkuhungu

JIBU: Wasikilize, lakini usibadilishe kwa mwaka mzima. Volapük, lugha ya kubuni ya padri Mjerumani Schleyer, ilivuma sana miaka ya 1880, kisha ikasambaratika kwa ugomvi wa marekebisho, naye akitaka neno la mwisho liwe lake. Waesperanto waliifunga misingi yao Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, mwaka 1905, na bado mwaka 1907 wengine walijitenga na lugha yao, Ido. Kanuni zitoshe kurasa mbili. Malalamiko yaingie daftarini, daftari lifunguliwe mara moja kwa mwaka. Msamiati uache wazi: neno likitumiwa na watu bila wewe kuwahimiza, limepita.

SWALI: Simu yangu haina ĉ wala ŝ. Nifanyeje? – Msomaji, Kondoa

JIBU: Badala ya ĉ, ĝ, ĥ, ĵ, ŝ na ŭ andika cx, gx, hx, jx, sx na ux. Herufi x haimo katika alfabeti ya Kiesperanto, kwa hiyo haitaleta utata.