Kuzunguka kipande kilichofungwa karibu na handaki la Paw Paw

Salaam ndugu. Umeeleza kwamba wewe na mwanao wa miaka 14 mnakusudia kuendesha baiskeli kutoka mji wa Cumberland, Maryland, hadi Georgetown mjini Washington, Marekani, kwa kufuata njia ya kando ya mfereji wa zamani wa Chesapeake na Ohio, yaani C&O, kwamba mmesikia kipande cha karibu na handaki la Paw Paw kimefungwa, na kwamba programu ya ramani kwenye simu yako inawavusha mto Potomac na kuwapeleka barabara kuu ya upande wa West Virginia. Mimi ninaishi Maryland na njia hiyo nimeipita mara nyingi, zikiwemo nyakati ambazo baadhi ya vipande vyake vilikuwa vimefungwa. Ushauri wangu ni kwamba msiifuate ramani hiyo ya simu, na nitaeleza kwa nini.

Kabla ya kutafuta mchepuko wowote, pateni namba kamili za maili za kipande kilichofungwa. Njia hii ina urefu wa maili 184.5, yaani kilomita 297 hivi, na maili zake huhesabiwa kuanzia Georgetown, kwa hiyo ninyi mnaoteremka kutoka Cumberland mtaona namba zikipungua. Matangazo ya hifadhi ya taifa inayosimamia njia hii hutaja maili ya kuanzia na ya kuishia. Yasomeni kwenye ukurasa wa hifadhi yenyewe na mwangalie tarehe, maana eneo la Paw Paw limewahi kufungwa kwa ajili ya kuondoa miamba iliyolegea, na habari za wakati huo bado zinazunguka mitandaoni kana kwamba ni za leo. Msitosheke na kuambiwa kwamba pamefungwa "karibu na handaki". Handaki liko maili ya 155. Ikiwa kilichofungwa ni handaki lenyewe au korongo linalofuata mara baada ya kutoka humo, mchepuko upo papo hapo. Ikiwa kilichofungwa kiko maili kumi na tano mbele, mchepuko huo hautawafaa hata kidogo.

Mchepuko ninaousema ni njia ya mlimani inayoitwa Tunnel Hill Trail. Handaki lina urefu wa mita 950 hivi. Lilianza kuchimbwa mwaka 1836 na kazi ikakamilika mwaka 1850. Njia ya mlimani inapita juu yake kwa takriban maili mbili na kushukia upande wa pili. Ni fupi, haina gari hata moja, lakini ni kali. Msijaribu kuiendesha mkiwa na mizigo. Isukumeni mwanzo hadi mwisho. Mimi na mwenzangu tulifanya hivi: tulivua mikoba yote ya pembeni, tukaipandisha kwanza kwa mikono hadi mahali palipotulia kidogo, kisha tukarudi kuchukua baiskeli moja moja, mmoja akishika usukani na mwingine akisukuma kiti kutoka nyuma. Kushuka ndiko kunakohitaji uangalifu zaidi, hasa majira ya vuli, kwa sababu majani yaliyoanguka huwa na unyevu na hufunika mawe, na mguu huteleza kabla tairi halijateleza. Mtu akae upande wa juu wa baiskeli yake, yaani upande wa mlima, ili ikimponyoka isimwangukie. Mwanao ana nguvu za kutosha kwa kazi hiyo, ila apewe nafasi ya kupumzika bila kuharakishwa.

Sasa barabara ambayo simu inawaonyesha. Kutoka kijiji cha Paw Paw, Barabara ya 9 ya West Virginia inaelekea Great Cacapon, inapanda mlima wa Cacapon na kushukia Berkeley Springs, kisha mnapaswa kuingia Barabara ya 522 kwenda Hancock. Programu huiona kuwa ni lami safi inayounganisha miji, na kwa dereva wa gari, hilo ni kweli. Mwendesha baiskeli anahitaji kuuliza mambo mengine kabisa: je, pembeni pana nafasi ya kuondoka gari likija? Dereva anayetoka nyuma atakuona kutoka umbali gani? Magari hukimbia kwa kasi gani, na ni magari gani? Katika barabara yenye kona na miinuko, dereva hukuona akiwa amekwisha kukaribia, nawe unapanda mlima kwa mwendo wa mtu anayetembea, tena ukiyumba kwa sababu ya mizigo. Sheria ya West Virginia inamtaka dereva aache nafasi ya angalau futi 3 anapoipita baiskeli, lakini sheria haimsaidii mtu ambaye hakuonekana. Mtoto wa miaka 14 simpeleki huko.

Njia ya tatu, ambayo wengine wataipendekeza, ni kupita ndani ya msitu wa Green Ridge upande wa Maryland hadi Little Orleans. Magari ni machache sana, na hilo ni jema. Hata hivyo barabara nyingi humo ni za kokoto, zinapanda na kushuka bila kukoma, na msimu wa kuwinda kulungu unapofika, wawindaji ni wengi. Atakayepita humo wakati huo avae rangi ya machungwa inayong'aa. Ningeitumia iwapo tu mlima wa handaki nao umefungwa.

Mkishafika Little Orleans, maili ya 141 hivi, mambo yanakuwa mepesi zaidi. Hapo ndipo inapoanzia Western Maryland Rail Trail, njia ya lami iliyojengwa juu ya reli ya zamani, ambayo inakwenda sambamba na mfereji kupitia Hancock hadi Big Pool, jumla ya maili 28 hivi. Kipande chochote cha mfereji kikifungwa kati ya hapo, kwa kawaida unahamia kwenye lami na kuendelea na safari. Pana sehemu moja tu ya kuangalia: reli ya zamani ilipita katika handaki la Indigo, ambalo limeachwa kwa ajili ya popo wanaolala humo majira ya baridi, na waendesha baiskeli huelekezwa kurudi kwenye njia ya mfereji mpaka walipite. Kufungwa kukiangukia hapo, njia zote mbili zimekatika kwa pamoja, na njia salama ni kukodi gari linalobeba baiskeli.

Kuna watakaowaambia mpite tu pembeni mwa kizuizi siku za Jumapili mafundi wakiwa hawapo. Nawasihi msifanye hivyo. Korongo la baada ya handaki lina kuta ndefu za mwamba unaomeguka, na sehemu ya njia ni daraja la mbao. Wakati wa kazi hizo mbao zinaweza kuwa zimeondolewa, na jiwe lililokwisha kulegezwa halisubiri Jumatatu. Isitoshe, ndani ya korongo hakuna mahali pa kukwepea.

Upangeni mlima uwe kazi ya asubuhi. Kambi ya Purslane Run iko maili ya 156.9, kabla tu ya Paw Paw, nanyi mnaweza kulala hapo, kujaza maji, kisha kupanda mkiwa na nguvu mpya na mwanga wa kutosha. Kambi inayofuata, Sorrel Ridge, iko maili ya 154.1, na kwa kuwa inaweza kuwa ndani ya eneo lililofungwa, msiitegemee kwa kulala wala kwa maji mpaka mmehakikisha. Pampu za kambi hizo hufungwa majira ya baridi, kwa hiyo kama safari yenu ni ya mwishoni mwa Novemba au baadaye, chukueni maji kijijini Paw Paw. Nitumie tarehe zenu na namba za maili zilizo kwenye tangazo, nami nitazilinganisha na ramani yangu ya karatasi na kuwaandikia mahali hasa pa kutoka na pa kuingilia tena.