Tumia kikaza waya cha mnyororo, si nyundo

Ndugu yangu, umeuliza mbona seng'enge ya shamba lako la Mambrui hulegea kila ukiivuta kwa kucha za nyundo. Nyundo huvuta kidogo tu, na ukigeuka kupiga msumari waya ishateleza. Tafuta kikaza waya cha mnyororo: taya zinauma waya, mnyororo unashika nguzo ya pembeni, nawe unasukuma mpini mbele na nyuma, pingili baada ya pingili. Chenyewe kinashikilia huku ukifunga.

Ila nguzo ya pembeni itie mhimili kwanza. Bila huo, kwenye mchanga wetu huu itang'oka. Kagua na meno ya taya pia: yakikwaruza zinki inayoikinga waya na kutu, chumvi ya bahari itaila waya pale palipokwaruzwa. Usisimame usawa wa waya, tafadhali. Ikikatika hurudi kwa nguvu mno.