Maswali ya Wasomaji: Jon Tester, mkulima wa Montana

SWALI: Nasikia Jon Tester, aliyekuwa seneta wa Marekani kutoka jimbo la Montana, ni mkulima hasa, si mwanasiasa mwenye shamba la kupigia picha. Aliwezaje kulima huku anatunga sheria za jimbo?
Msomaji, Uasin Gishu

JIBU: Kalenda ilimbeba. Bunge la Montana hukutana mwaka mmoja, likapumzika mwaka unaofuata, na kikao hakizidi siku 90. Huanza mapema Januari, ardhi ikiwa imeganda, na kwa kawaida huisha kuelekea mwisho wa Aprili. Mkulima wa ngano hapotezi kitu Januari.

Shida iko Aprili. Ngano isiyopandwa kabla ya baridi inapaswa kuingia ardhini mapema baridi inapopungua. Ukichelewa, punje hujaa katikati ya joto na ukame wa Julai na Agosti, na unavuna punje zilizosinyaa. Mbunge asiye na mtu wa kumshikia trekta hapo hukwama. Tester na mkewe Sharla hulima pamoja ekari zipatazo 1,800 karibu na Big Sandy, ardhi ya babu na bibi yake tangu miaka ya 1910.

Kwa maoni yetu kampeni ni ngumu kuliko kikao: mchujo wa vyama ni Juni, uchaguzi ni Novemba, na kati yake kombaini inakusubiri.

SWALI: Aliingiaje kwenye siasa? Na ni kweli hana vidole vitatu?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Kweli. Akiwa na miaka 9, mashine ya kusaga nyama ya familia ilimkata vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Akashika tarumbeta, inayobonyezwa kwa mkono wa kulia, akasomea muziki na kuufundisha katika shule ya msingi.

Alianzia bodi ya shule ya Big Sandy. Mwaka 1998 seneta wa jimbo aliyekuwa jirani yake aliamua kutogombea tena, na Tester alikuwa amekerwa na sheria ya 1997 iliyolegeza udhibiti wa umeme Montana. Akashinda. Mwaka 2005 akawa Rais wa Seneti ya jimbo, yenye viti 50, na mwaka huohuo ukapita muswada wake uliotaka kampuni za umeme zipate asilimia 15 ya umeme wake kutoka nishati jadidifu ifikapo 2015. (Sheria hiyo ilifutwa 2021.)

Montana hairuhusu mtu kukaa katika baraza moja zaidi ya miaka 8 ndani ya miaka 16, kwa hiyo muda wake ulikuwa unaisha. Mwaka 2006 akagombea Seneti ya taifa, akamshinda Conrad Burns, aliyekuwa akishikilia kiti hicho, kwa kura zipatazo 3,500 tu. Alikaa vipindi vitatu, hadi aliposhindwa na Tim Sheehy mwaka 2024.

SWALI: Kilimo hai kwenye ekari zote hizo, mbolea anatoa wapi?
Msomaji, Hanang

JIBU: Kwenye mikunde, ambayo huvuta kutoka hewani nitrojeni, chakula cha mimea. Tester na mkewe walihamia kilimo hai mwaka 1987. Katika kilimo cha aina hiyo, msimu mmoja shamba hupandwa njegere au dengu, mwingine ngano au shayiri. Pale nitrojeni inapopungua, mikunde haivunwi: hulimiwa chini ikiwa mibichi, inapoanza kutoa maua. Usingoje maganda yakomae, maana nitrojeni huhamia kwenye mbegu na mimea hunyonya unyevu ambao ngano ya mwakani ingeuhitaji. Kwenye nyanda kame kama zile, kosa hilo hugharimu mavuno ya msimu mzima.

Jiandae pia kwa kipindi cha kusubiri. Kanuni za Marekani hudai miezi 36 bila kemikali zilizokatazwa kabla ya mavuno kuuzwa kama ya kilimo hai. Magugu hukuadhibu wakati huo, na bei nzuri bado huipati.

SWALI: Alipofika Washington, alimfanyia nini mkulima mdogo?
Msomaji, Njombe

JIBU: Sheria ya usalama wa chakula iliyosainiwa Januari 2011 ina kifungu chake. Shamba lenye mauzo ya wastani chini ya dola 500,000 kwa mwaka (kwa thamani ya dola ya 2011), likiuza zaidi ya nusu moja kwa moja kwa walaji, au kwa mikahawa na maduka ya jimbo lake au yaliyo ndani ya maili 275, husamehewa masharti mengi. Ukianza kumuuzia dalali wa jumla zaidi ya nusu, msamaha umekwisha. Na mazao yako yakihusishwa na mlipuko wa ugonjwa, serikali inaweza kuuondoa.