Maswali na Majibu: Kurasa za Mavazi ya Wanaume Mitandaoni na Namna ya Kuzitumia

Wasomaji kadhaa wameuliza, kila mmoja kwa namna yake, jinsi mwanamume anavyoweza kujifunza kuvaa vizuri kwa kufuatilia kurasa za mavazi katika mitandao ya kijamii bila kumaliza mshahara wake na bila kuonekana kama aliyeazima nguo. Nimechagua maswali sita, na katika kuyajibu nimezingatia kwamba wengi wetu tunanunua mtumba, tunashonesha nguo kwa fundi wa mtaani na tunafanya kazi kwenye joto.

Ninafuata kurasa nyingi za mavazi katika Instagram na kila siku ninaona kitu ninachokitamani, lakini asubuhi nikifungua kabati sijui nivae nini. Nianzie wapi? (Mtumishi wa umma, Dodoma)

Anza kwa kupunguza. Mfumo wa Instagram hukuletea picha kwa kufuata zile ulizozitazama kwa muda, ulizozipenda na ulizozihifadhi, kwa hiyo mtu anayetazama kila kitu huletewa kila kitu, na tamaa yake hubadilika kila anaposhika simu. Bakiza kurasa chache za watu wanaokaribiana nawe kwa umbo la mwili, kwa hali ya hewa na kwa aina ya kazi. Mtu mfupi mwenye mabega mapana anayefuata kurasa za wanamitindo warefu wembamba hujifunza kupenda nguo ambazo hazitamkaa, na kosa si la mwili wake.

Kurasa hizo chache zisome kwa makini. Instagram inakuwezesha kupanga picha ulizohifadhi katika makundi, na Pinterest, iliyoanza mwaka 2010, ilijengwa kwa kazi hiyo hasa na inakuruhusu kuwa na mbao za siri ambazo hakuna mwingine anayeziona. Hifadhi picha kwa wiki mbili tatu bila kununua chochote, kisha zitazame zote kwa mkupuo mmoja na utafute kinachojirudia. Huenda ukagundua kwamba picha nyingi ulizozipenda zina mashati yasiyo na maua wala maandishi, suruali zisizobana mapaja, na viatu vya rangi ya kahawia. Hiyo ndiyo ladha yako, ambayo pengine hukuwahi kuitambua kwa sababu ulikuwa ukitazama picha moja moja. Ukilinganisha ugunduzi huo na kabati lako utaona kuwa nguo nyingi unazo tayari, na kinachokosekana huwa ni kitu kimoja au viwili, mara nyingi suruali iliyokatwa vizuri.

Ninavutiwa sana na Waitaliano wanaopigwa picha wakiwa na makoti na skafu, lakini mimi ninaishi Tanga. Je, picha hizo zina faida yoyote kwangu? (Mfanyabiashara, Tanga)

Zina faida kubwa, ila ni vyema ukajua zinatoka wapi. Nyingi kati ya picha hizo hupigwa Florence wakati wa Pitti Uomo, maonyesho ya biashara ya mavazi ya wanaume yaliyoanza mwaka 1972 na ambayo hufanyika mara mbili kwa mwaka, Januari na Juni, katika ngome ya Fortezza da Basso. Wanaohudhuria ni wanunuzi wa maduka, wenye viwanda, waandishi na watu wa fani hiyo, na baadhi yao huja wamevaa wakijua kabisa kwamba wapiga picha wanawasubiri nje. Desturi ya kupiga picha za mavazi barabarani na kuzitandaza katika intaneti ilipata nguvu baada ya Mmarekani Scott Schuman kuanzisha ukurasa wake wa The Sartorialist mwaka 2005, na tangu hapo watu wamezidi kuvaa kwa ajili ya kamera. Kwa hiyo skafu, kizibao cha suti, kitambaa cha mfukoni na miwani, vyote vikiwa juu ya mtu mmoja, si mavazi ya kwenda kazini hata huko Italia.

Lakini tazama picha za Juni. Florence huwa na joto kali wakati huo, na hapo ndipo mtu wa Tanga anapopata somo lake. Mafundi wa kusini mwa Italia, hasa wa Napoli, wana sifa ya kushona koti jepesi lenye bega laini lisilo na pedi nene, na mara nyingi lenye bitana nusu tu au lisilo na bitana kabisa, ili hewa ipite mgongoni. Koti la namna hiyo la kitani au la pamba linafaa Mwambao kuliko koti la suti la kawaida lililojazwa pedi na bitana ya poliesta, ambalo ndilo tunalouziwa na ndilo linalotufanya tulivue kabla sherehe haijaanza. Kuhusu kitani, usihangaike na mikunjo yake; kitambaa hicho hukunjamana, na wenye kukizoea hawakipigi vita. Chukua kutoka kwa Waitaliano mkato, wepesi wa kitambaa na namna wanavyooanisha rangi ya udongo, buluu na nyeupe, na skafu uwaachie.

Je, hakuna Waafrika wa kufuata? Nimechoka kutazama Ulaya peke yake. (Mwanafunzi wa chuo, Nairobi)

Wapo, na baadhi yao wana historia ndefu kuliko mitandao yenyewe. Wa kwanza ni wasapere, yaani walimbwende maarufu wa Brazzaville na Kinshasa. Huko Kongo kuvaa vizuri ni fani yenye adabu zake, na katika mtaa wa Bacongo mjini Brazzaville kuna kanuni inayosemwa mara kwa mara kwamba mavazi yasizidi rangi tatu. Upande wa Kinshasa jambo hili lilipata uzito wa kisiasa: miaka ya 1970 Rais Mobutu alipiga marufuku suti na tai za Kizungu akahimiza abacost, koti linalovaliwa bila tai, na ruhusa ya kuvaa tai haikurudi hadi mwaka 1990. Katika mazingira hayo mwanamuziki Papa Wemba, aliyefariki jukwaani Abidjan mwezi Aprili 2016, aliufanya ulimbwende kuwa sehemu ya muziki wake, na vijana wakamfuata. Ukiwatazama wasapere leo mitandaoni, zingatia hasa ile kanuni ya rangi tatu, na utazame jinsi soksi, tai na kitambaa cha mfukoni vinavyoitii. Bei za viatu vyao si jambo la kuiga. Wapo wanaojinyima mahitaji ya nyumbani ili wanunue jozi moja, na hilo sitalishauri kwa yeyote.

Kuna Ozwald Boateng, mbunifu aliyezaliwa London kwa wazazi wa Ghana, ambaye alileta rangi kali katika ushonaji wa Savile Row, mtaa wa mafundi wa suti mjini London, kuanzia miaka ya 1990 na baadaye akaongoza mavazi ya wanaume ya Givenchy, kampuni ya mitindo ya Ufaransa, kati ya 2003 na 2007. Kuna mpiga picha Trevor Stuurman wa Afrika Kusini. Na hapo hapo Nairobi wapo 2ManySiblings, dada na kaka waliojulikana kwa kuchanganya nguo za mtumba na vitu vya asili kwa ustadi unaonipa moyo kila ninapoutazama, kwa sababu malighafi yao ni ile ile inayopatikana katika masoko ya mtumba ya Gikomba na Toi. Tanzania ina Sheria Ngowi, ambaye suti zake zinafaa kusomwa kwa karibu na yeyote anayetaka kuona koti likikaa sawasawa kwenye bega la mtu mweusi, pamoja na picha za Swahili Fashion Week, jukwaa lililoanzishwa mwaka 2008. Mwaka 2025 jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York liliandaa maonyesho makubwa kuhusu ushonaji na ulimbwende wa watu weusi, na picha za maonyesho hayo bado zinapatikana kwa urahisi. Zitafute, kwani humo utaona karne kadhaa za wanaume weusi waliotumia koti na kofia kudai heshima waliyonyimwa.

Nitajuaje kama mwenye ukurasa anasifia nguo kwa sababu amelipwa? (Msomaji, Mombasa)

Instagram ina alama ya ushirikiano wa kulipwa ambayo huwekwa juu ya picha, lakini si wote wanaoiweka. Dalili nyingine ni kwamba mtu anayelipwa hutaja jina la kampuni kuliko anavyotaja kitambaa, mshono au ukubwa, hatoi kasoro yoyote, na baada ya mwezi nguo hiyo huioni tena mwilini mwake. Mtu anayestahili kufuatwa hurudia nguo zake. Ukiona koti lile lile kwa miaka mitatu, limevaliwa kwa namna kumi, hapo pana mwalimu.

Mshahara wangu ni mdogo. Nikiona nguo nzuri mtandaoni nifanye nini ili niipate bila kuagiza nje? (Mwalimu wa sekondari, Mbeya)

Swali hili ndilo nililolisubiri, kwa sababu sisi tuna kitu ambacho wengi wa watu hao wa mitandaoni wanakilipia fedha nyingi sana: fundi cherehani aliye umbali wa kutembea kwa miguu. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wengi wao hununua nguo iliyokwisha kushonwa na kuikubali ilivyo, ilhali sisi tunaweza kushonesha au kurekebisha kwa gharama inayobebeka. Tunachokosa mara nyingi ni maelezo ya kumpa fundi, na hayo ndiyo picha inaweza kutupatia.

Usimpelekee fundi picha moja ya mtu aliyesimama mbele ya gari na kumwambia akushonee kama ile. Mpelekee picha tatu au nne za nguo ya aina moja, ya mbele, ya ubavu na ya nyuma ikiwezekana, umwonyeshe sehemu moja moja: kiuno cha suruali kinakaa kitovuni au nyongani, marinda yapo au hayapo, upana wa pindo ni sentimita ngapi, kola ya shati inasimama au inalala. Kama unayo nguo inayokukaa vizuri, ipeleke pia, kwa maana fundi huisoma nguo kwa vidole kuliko anavyosoma picha. Mwombe akujaribishe kabla ya kumalizia, na ukubali kurudi mara mbili. Mlipe kwa wakati na umpe muda wa kutosha, maana suruali inayodaiwa Ijumaa kwa harusi ya Jumamosi hushonwa kwa haraka na huvaliwa hivyo hivyo.

Kwenye mtumba, ziangalie kwanza sehemu ambazo fundi hawezi kuzirekebisha kwa urahisi. Bega la koti ni la kwanza: mshono wake uishie pale bega lako linapoishia, na kama umepita, liache koti hilo hata kama ni la bei ya bure. Urefu wa koti ni wa pili, kwani kulifupisha huharibu nafasi ya mifuko. Kiuno, mikono na urefu wa suruali ni kazi nyepesi. Halafu soma lebo ya ndani na utafute pamba, kitani au sufu nyepesi. Huko kwenu Mbeya, ambako baridi ya Juni na Julai ni ya kweli, koti la sufu ambalo mtu wa Dar es Salaam ameliruka kwenye belo ni hazina.

Nina miaka 58 na kitambi. Kurasa zote ninazoonyeshwa na vijana wangu ni za watoto wembamba. Je, mambo haya yananihusu? (Mstaafu mtarajiwa, Zanzibar)

Shikamoo mzee wangu. Yanakuhusu kuliko yanavyowahusu hao vijana, kwa sababu mwili mwembamba husamehe mkato mbaya na mwili wako hausamehi. Ninakushauri umsome Derek Guy, mwandishi anayeishi Marekani na anayetumia jina la dieworkwear katika mtandao wa X, ambaye kazi yake kubwa ni kueleza kwa picha kwa nini vazi fulani linapendeza na jingine halipendezi. Jambo analolirudia ni kwamba suruali yenye kiuno cha juu, inayokutana na koti bila shati kuchungulia katikati, huufanya mwili uonekane kama mstari mmoja. Mwenye kitambi anayefunga suruali chini ya tumbo hulitangaza tumbo. Akiipandisha hadi kiunoni, ikawa na marinda na nafasi ya kutosha, tumbo hutulia ndani ya nguo.

Tena wewe uko Zanzibar, ambako kanzu iliyokatwa vizuri, koti juu yake na kofia ya viua ni vazi kamili ambalo Florence nzima haina la kulishinda kwa mtu wa umri na umbo lako. Fikiria pia suti ya Kaunda, yenye koti lisilohitaji tai. Bunge la Kenya liliikataza ndani ya ukumbi wake mwezi Novemba 2023, uamuzi ambao kwa maoni yangu haukuitendea haki nguo iliyobuniwa kwa hewa yetu, lakini nje ya ukumbi huo ingali inaheshimika. Mwambie fundi asiibane tumboni na aifikishe chini kidogo ya nyonga. Siku ya kujaribisha, mmoja wa vijana wako akupige picha kwa nyuma, upande ambao kioo hakikuonyeshi. Likionekana tuta la kitambaa chini ya kola, mrudishie fundi ashushe kola hiyo kabla hujalilipia koti.